Bakuli la Mzazi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Bakuli la saa nne limefika. Mtori, supu yao nzito ya ndizi na nyama. La asubuhi lilikuwa mtori, na la mchana nalijua kabla halijaiva. Mama Mkwe analiweka juu ya stuli, anageuza uso, anatoka. Kwao Kibosho mkwe hamtazami mzazi akila. Wala hakuna anayeonja chakula cha mzazi, hata aliyekipika. Ni changu peke yangu mpaka ninenepe kama ng'ombe wa Krismasi.

Baridi ya kukata masikio. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa. Mwanangu Karoli amelala. Amepewa jina la babu yake, marehemu baba wa mume wangu Aloyce, kwa hiyo Mama Mkwe akimwita huona haya kidogo, kama anamwita mumewe. Hilo hunichekesha.

Aloyce yuko Mererani, kwenye mashimo ya tanzanaiti. Atakuja Jumapili, mweusi kwa vumbi la shimoni mpaka kope. Kila wiki jiwe liko karibu kupatikana. Tangu kiwanda kitupunguze kazini, nyumba nzima tunaishi kwa hilo "karibu".

Mtori nimeumaliza. Nimeshiba hadi kooni.

Jumatano, 8 Juni

Wamama wa jumuiya walikuja kumwona mtoto. Mmoja akauliza mama yangu yuko wapi, mbona haonekani. Mama Mkwe akawahi kunijibia: yuko Kikwe, hajisikii vizuri. Kistaarabu kabisa. Wamama wakatazama chini ya vikombe vyao.

Wanajua. Meru nzima inajua. Nilikuwa na miaka saba, Mama akajifungua mdogo wangu, akabadilika. Akawa haongei. Akawa anamficha mtoto hata kwa baba. Walimkuta kwenye mahindi na kanga moja mwilini, mtoto ameshamfia mikononi. Wakamfunga kamba wakampeleka hospitali. Mimi nikapelekwa kwa shangazi, Nduruma, nikakulia huko.

Mama alirudi nyumbani akiwa mzima. Mimi sikurudi. Naenda Kikwe mara chache. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, nakunywa chai, naondoka.

Sijamwita aje. Sitaki amshike Karoli. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 10 Juni

Nilitoka kwenda chooni, nikapita nyuma ya jiko. Mama Mkwe alikuwa amefungua fundo la kanga yake. Akachota unga wa kahawia, akautia kwenye sufuria yangu. Nikauliza ni nini. Hakugeuka.

"Gome hilo. La kuleta maziwa."

Nilikula. Nikalala kama gogo mpaka jioni. Karoli naye akalala, hakulia hata mara moja. Mtoto gani halii?

Jumapili, 12 Juni

Nyumba yetu hapa Olasiti haina dari bado. Mabati tu. Anayenong'ona sebuleni, chumbani unamsikia kama yuko kitandani.

Mama Mkwe alimwambia Aloyce hivi: "Mke wako hayuko sawa. Anatazama ukuta kutwa nzima. Mimi namwonea huruma, lakini damu ya mama yake ni ile ile. Akiendelea hivi, mtoto nitamchukua nikamlelee kwetu Kibosho, mlimani."

Aloyce hakusema neno. Nilisubiri. Nilisikia tu anavuta kamasi, vumbi lile la shimoni. Kimya chake kimeniuma kuliko maneno ya mama yake.

Kwa hiyo anachotaka ni mtoto. Nilikuwa nashangaa kwa nini nalishwa vizuri namna hii.

Jumatatu, 13 Juni

Leo nimemwaga mabakuli yote. Chakula nakitia kwenye ndoo ya maji ya kuogea, najifunika kanga, napeleka chooni. Bakuli linarudi jikoni tupu. Mama Mkwe analitazama, anafurahi. Endelea kufurahi.

Nakula biskuti za Kenya ambazo Aloyce alinunua Namanga. Zipo katoni nzima chini ya kitanda. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu, zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Kitu kilichofungwa kiwandani hakijaguswa na mkono wa mtu. Nafungua mwenyewe, nakula mwenyewe.

Sikusinzia. Unaona? Ni lile gome.

Alhamisi, 16 Juni

Silali tena. Sihitaji. Akili inakata kama wembe. Nasikia kila kitu: kuku wa jirani, mwiko kwenye sufuria, Mama Mkwe akisali rozari yake. Namsikia Karoli akilia hata akiwa amelala. Nainama, naweka sikio mdomoni mwake, kimya. Nikisimama, kilio kinaanza.

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani?

Jumatano, 22 Juni

Kliniki. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini zipite na zaidi, lakini chanjo haisubiri mila. Nesi aliweka Karoli kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Mstari kwenye kadi umeshuka.

Akaniuliza kama nakula vizuri. Kabla sijafungua mdomo Mama Mkwe akajibu, na aliudhika: "Anakula! Kila bakuli linarudi tupu. Nampikia mwenyewe."

Sikusema kitu. Nesi akatazama mikono yangu. Nimekonda, pete inacheza kidoleni. Akasema nirudi naye wiki ijayo bila kukosa.

Mtoto anakwisha. Namwona anakwisha. Miguu yake imekuwa kama ya kifaranga. Na mimi namnyonyesha kila anapotaka, ananyonya, anaachia, analia kwa hasira. Kuna kitu Mama Mkwe anamfanyia nikiwa chooni. Hakuna maelezo mengine.

Ijumaa, 24 Juni

Nimemkamata. Nilijifanya naenda kuoga nikarudi ghafla. Alikuwa amempakata Karoli, kijiko mkononi, kikombe kimefunikwa kwa kitambaa. Nilikipiga kile kikombe kikaruka mpaka ukutani.

Yeye anasema ni maziwa ya ng'ombe. Yamechemshwa, yametiwa maji. Anasema mtoto ana njaa. Mtoto wangu ana njaa na mama yake nipo!

Nikamwambia maneno ambayo mkwe haambiwi. Nilimwita mchawi. Aliokota vipande vya kikombe kimoja kimoja, akavitia kwenye upande wa kanga. Alikuwa anatetemeka. Nikafurahi kwamba anatetemeka.

Jumapili, 26 Juni

Nilitoka kuanika nepi. Nikarudi, kitanda kitupu.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Aloyce alikuwa anaoga, akatoka na taulo. Mama Mkwe alitoka jikoni na unga mikononi. Nikamshika nguo kifuani. Nikasema mtoe mtoto, mtoe sasa hivi. Aloyce akanitenganisha naye.

Ni Aloyce aliyesikia kitu kinachakarika. Akainama chini ya kitanda. Karoli alikuwa ndani ya beseni, nyuma ya katoni ya biskuti, amefunikwa vizuri. Mzima. Anatazama.

Kila mtu alinitazama mimi. Nikasema ni mama yako, amemficha ili nionekane kichaa. Nilisema kwa sauti na nilikuwa na hakika.

Lakini kanga iliyomfunika ni ile niliyojifunga asubuhi. Nilikuwa nimesimama na gauni tupu.

Sikumbuki. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwa mdomo. Sikumbuki.

Wamekaa sebuleni. Wameamua. Jumatano Mama Mkwe anaondoka na mtoto kwenda Kibosho, mimi nipelekwe hospitali. Aloyce alikuja kuniambia akitazama dirisha. Jumatano.

Jumatatu, 27 Juni

Mlango wa chumba umefungwa kwa nje. Aloyce amerudi Mererani kuaga wenzake, atakuja kesho jioni. Mama Mkwe ananiletea mtoto anyonye, anasimama pale pale, anamchukua. Chakula anaweka juu ya stuli, na bado anageuza uso! Hata leo.

Nimemwaga dirishani.

Nimefikiri sana juu ya Mama. Walisema alikuwa kichaa. Labda naye kuna mtu alitaka kumnyang'anya mtoto. Hakuna aliyemwuliza. Hata mimi.

Jumanne, 28 Juni

Naandika nikiwa Kikwe. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Mama Mkwe aliniletea Karoli, akasikia maziwa yanafurika jikoni, akakimbia. Hakufunga. Nilipita chumba cha nyuma ambacho hakijawekwa madirisha, ni tundu tu na kipande cha bati. Nikasukuma bati. Nikatoka na mtoto kifuani, viatu mkononi. Gari la mbao likanichukua barabarani, dereva hakuuliza lolote. Nadhani nilivyoonekana ndiyo ilikuwa sababu.

Kwa nini Kikwe? Shangazi ni marehemu. Marafiki wa kiwandani wametawanyika. Sikuwa na pengine pa kwenda. Njia nzima nilikuwa namwogopa ninayemkimbilia kama ninayemkimbia.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Amezeeka. Nilisahau kumwamkia. Hakusogea kumchukua mtoto, hakumtazama hata. Alinitazama mimi, kwanza uso, halafu mikono, halafu kifua. Akaweka ungo chini.

"Unakula nini?"

Nikasema biskuti.

"Na chakula wanachokuletea, unamwaga wapi?"

Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyejua duniani isipokuwa mimi na choo. Nilikaa chini pale pale kwenye maganda. Nikasema, chooni.

"Mimi nilikuwa nampa mbwa," Mama akasema. "Yule mbwa alinenepa. Watu walikuwa wanamsifia."

Halafu akaniambia, polepole, mikono mapajani. Alidhani bibi yangu, mama yake baba, anamtilia sumu. Hakudhani, alijua, kama mtu anavyojua jina lake. Kuna sauti ilimwambia, nayo ilikuwa inampenda, ilikuwa inamlinda. Akaacha kula. Maziwa yakakauka. Mtoto akawa anakwisha, na kadiri alivyokwisha ndivyo yeye alivyozidi kujua kwamba bibi anamwua. Siku ile kwenye mahindi alikuwa anamkimbiza kwenda kumwokoa. Akafa njiani. Kwa njaa. Watu walikuja wakamwuliza umefanya nini, umefanya nini. Hakuna aliyemwuliza umekula nini.

"Wewe nikakuachia shangazi yako," akasema. "Niliogopa nikikuita utakuja kuniuliza."

Nikamtazama Karoli. Miguu ile ya kifaranga. Ni mimi. Ni mimi nilikuwa namwua, na nilikuwa nampenda wakati wote.

Mama alichemsha maziwa ya ng'ombe wake, akayatia maji, akanipa kijiko nimnyweshe mwenyewe. Yale yale ya Mama Mkwe. Halafu akapika loshoro, mahindi na maziwa mgando, mbele ya macho yangu. Akala yeye kwanza, kijiko baada ya kijiko, bila kusema kitu. Kisha akanisogezea chungu.

Nimekula. Ile sauti ilisema usile. Nilikula nikilia, chakula kinatoka puani, lakini nimekula.

Jumatano, 29 Juni

Wamekuja. Niliwaona tangu njia panda, Aloyce mbele na Mama Mkwe nyuma amebeba hotpoti. Nikaingia nyuma ya ghala na Karoli. Moyo ulikuwa unapiga hadi yeye akaamka.

Mama alisimama mlangoni pa ua. Huyu mama ambaye hata kanisani hukaa benchi la mwisho. Aloyce akasema shikamoo Mama. Akaitikia. Mama Mkwe akasema tumemfuata mtoto. Mama akasema karibuni mkae kwanza, mkwe wangu, kuna jambo hukuliona, na usingeweza kuliona.

Akamwambia Mama Mkwe. Bakuli lilikuwa linarudi tupu kwa sababu lilikuwa linamwagwa. Kila siku, kila bakuli.

Nilitarajia hasira. Mama Mkwe alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri cha safari. "Nilikuwa nageuza uso," akasema. "Nilikuwa nageuza uso kwa heshima." Akalirudia mpaka Aloyce akamshika bega. Kumbe naye alikuwa amekonda. Sikuwa nimeona.

Nikatoka nyuma ya ghala. Hakumgusa Karoli. Alifungua hotpoti, akapakua mtori kwenye bakuli langu, alikuwa amelibeba kutoka Olasiti, na akafungua fundo la kanga akatia lile gome mbele yangu. Halafu yeye, aliyefundishwa na mama yake na bibi yake kwamba chakula cha mzazi hakionjwi, akachukua kijiko akala. Alikula nusu. Akakishikilia kile kijiko hewani, ananitazama usoni, machozi yanashuka bila kufutwa.

"Mwanangu, sitageuka tena," akasema. "Kula ninakuona."

Bado niliogopa. Niandike ukweli, niliogopa sana. Nikala.

Aloyce alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye alikuja akakaa karibu yangu kwenye gogo. Akasema alinyamaza siku ile kwa sababu hakujua amwamini nani. Nikamwambia ungeniuliza. Akasema ndiyo. Sijamsamehe. Lakini hakuondoka pale kwenye gogo.

Ijumaa, 1 Julai

Hospitali ya misheni. Wote wanne tulikwenda, na Karoli wa tano, kama tunakwenda harusini. Daktari ni mama wa makamo, anaongea polepole. Aliuliza juu ya usingizi, juu ya sauti, juu ya beseni. Nilimjibu yote. Nilidhani ataandika kichaa kwenye karatasi na mlango utafungwa.

Akasema ni ugonjwa wa uzazi. Unawapata wanawake wengine, unatibika. Nilale, nile, ninywe dawa, nisiachwe peke yangu na mtoto mpaka aseme. Mtoto anyonye mara kwa mara, maziwa yatarudi, na kwa sasa aongezewe ya kopo kwa kuwa dawa zina masharti yake.

Mama aliuliza swali moja. Ugonjwa huu ulikuwepo zamani? Daktari akasema ulikuwepo. Mama akaitikia kwa kichwa. Aliendelea kuitikia hivyo muda mrefu, njia nzima mpaka getini.

Jumapili, 10 Julai

Nalala. Naamka nikiwa mzito, mdomo mkavu, dawa hizi hazina adabu. Lakini nalala.

Mama Mkwe amekataa kuondoka Kikwe. Anasema uzazi haujaisha. Sasa ana kosa jingine: ananikodolea macho kila kijiko mpaka nameza vibaya. Jana waligombana na Mama juu ya kumwogesha mtoto. Mmoja anataka maji ya moto, mwingine ya vuguvugu. Kila mmoja anasema kwao watoto hawajawahi kufa kwa maji. Mimi nimekaa katikati na mtoto uchi. Nimecheka. Nilisikia sauti ngeni, kumbe ni mimi.

Aloyce alikuja na mkungu wa ndizi na, bila kufikiri, katoni ya biskuti. Wote watatu tulimtazama. Akairudisha nje kimya kimya.

Siku nyingine asubuhi ni mbaya. Leo nilitazama uji nikasikia usinywe. Nikamwambia Mama Mkwe, nasikia. Akachukua kijiko akaonja, akanirudishia, akaendelea kusuka ukili wake. Ndivyo tunavyofanya.

Alhamisi, 14 Julai

Mizani ya zahanati. Mstari umepanda. Kidogo, lakini umepanda, na nesi hakurudia kumpima. Mama Mkwe alitaka kumwonyesha kadi kila mtu barabarani.

Maziwa yamerudi upande mmoja zaidi ya mwingine. Karoli hanuni tena. Analia kwa sauti ya mtoto anayejua atapata.

Jumamosi, 23 Julai

Asubuhi nzuri. Ukungu umeondoka mapema, mlima wote uko wazi mpaka kileleni. Mama Mkwe amekwenda misa ya asubuhi Usa River, atarudi mchana. Aloyce yuko bandani anarekebisha mlango.

Tangu nije hapa Mama hajamshika Karoli. Anafua nepi zake, anachemsha maziwa yake, anamwimbia akiwa mbali. Akiletwa karibu anapata kazi nyingine ghafla. Nimeliona tangu mwanzo. Nilinyamaza kwa sababu mimi pia nilikuwa sina hakika.

Leo alikuwa kwenye kigoda, mikono imejaa povu. Nikasimama mbele yake. Nikasema, mshike Mama. Akasema ana mikono michafu. Nikasubiri. Akaifuta kwenye kanga, akaifuta tena, vidole kimoja kimoja. Nikamweka Karoli mapajani pake. Alimshika kama mtu anayepokea maji kwa viganja.

Nikachukua beseni la nepi nikaenda kwenye kamba, nyuma ya nyumba, ambako sikuweza kuwaona. Nilianika zote taratibu. Jua lilikuwa limeanza kupata nguvu.